Mgeni wa Chumba Namba Sita

Maskati,
2 Februari 2024

Kwa Shangazi yangu Mwanamkasi,

Assalaam alaykum, na shikamoo, Shangazi. Kwanza pole, na pole tena, kwa kuondokewa na Mjomba Mohamedi. Najua nilikupa pole kwenye simu siku ile ile, lakini siku ile mimi ndiye niliyekuwa nalia na wewe ndiye uliyekuwa ukinibembeleza, sasa sijui nani alimpa nani pole. Sikuwahi maziko, na hilo linaniuma mpaka leo. Mimi mzima, alhamdulillahi. Huku asubuhi kuna ubaridi kidogo na watu wamevaa makoti ambayo kwetu wangechekwa nayo mpaka sokoni.

Baba amenieleza kwamba umeizima simu na kumpa Mina wa mapokezi aifungie, mpaka utoke eda, kwa sababu kila anayepiga huanza na pole na kumalizia na mirathi. Umefanya vizuri. Barua hii naituma kwa mkono wa Wahida, muuza mabaibui, maana yeye huja Maskati kununua mzigo na kurudi Bagamoyo kila baada ya wiki chache. Ukimpa jibu atanifikishia. Usimlipe, nimeshamlipa.

Sasa la maana. Ami Ishaka, ndugu yake Mjomba, amenipigia kutoka Mkange. Kuna kampuni ya Dar inataka kuinunua hoteli yenu, na yeye anataka iuzwe upesi, kabla mvua hazijaanza. Hamkujaaliwa mtoto, kwa hiyo robo ni yako na iliyobaki ni ya Ami Ishaka na dada yake Habiba. Lakini bila saini yako hakuna kinachouzwa, na hilo nimemwambia kwa adabu zote.

Kazi yangu unaijua, ingawa Mjomba alikuwa akiwaambia watu kwamba nauza vitanda. Nawashauri wenye hoteli: wauze au wasiuze, wakope au wasikope, waongeze ghorofa au waanze kwanza kuziba paa. Nimewashauri watu wengi nisiowajua hata majina ya watoto wao, na wamenilipa. Wewe nitakushauri bure, na kwa moyo wote.

Ninachokuomba ni usitie saini karatasi yoyote. Hakuna mtu mwenye haya atakayemfuata mwanamke ndani ya eda na kalamu mkononi. Huo ndio muda wetu. Mimi nitapiga hesabu, wewe pumzika. Ukitoka eda hoteli yako itakuwa bado ni yako, inshallah.

Wasalimie wote, na Mikidadi jikoni.

Mwanao,
Hajra


Kaole,
27 Februari 2024

Hajra mwanangu,

Marahaba, na waalaykum salaam. Barua yako imefika, na halua imefika nusu. Ama forodhani waliionja, ama Wahida. Sikumuuliza, maana nusu yenyewe ilikuwa tamu. Baba yako goti linamsumbua lakini msikitini anakwenda, anasimama njiani kila penye mtu wa kuongea naye. Mikidadi amepata mtoto wa kike. Tulimwambia ampe jina lako, akasema mkewe hataki jina la mtu anayeishi mbali.

Nakaa eda chumba namba sita, kile cha juu, cha kona. Chumba chetu cha nyuma ya jiko wanaume wanapita mlangoni mchana kutwa, wabeba kreti na wauza samaki, basi mwalimu Amin wa msikitini akasema ghorofani ni nyumba ile ile, panda. Nikapanda. Unajua, Hajra, kwamba tangu hoteli ifunguliwe sijawahi kulala chumba namba sita? Nimekitandika, nimekideki, nimeua mende humu ndani, nimemtoa mlevi mmoja aliyekataa kuondoka bila pazia letu. Kulala, sijawahi. Siku ya kwanza nilijikunyata ukingoni mwa kitanda kama mtu anayeogopa kuchafua. Na mto una donge. Miaka yote wageni wamelalia donge lile na hakuna aliyelalamika. Watu wana adabu kuliko tunavyowadhania.

Mchana nafungua dirisha kidogo, upepo unaingia na harufu ya chumvi na ya vitunguu vya Mikidadi, na pazia linajaa na kupwaya, linajaa na kupwaya, mpaka sijui kama niko macho. Hoteli naisikia kwa masikio tu. Viatu vya mgeni kwenye ngazi. Ndoo ya Mina. Sahani ikianguka jikoni, moyo wangu unashuka ngazi kabla yangu. Nakaa kitako, mguu mmoja uko sakafuni tayari, ndipo nakumbuka kwamba mimi ni mtu wa eda na huko chini kuna wanaume. Narudisha mguu, lakini usingizi haurudi.

Nimemwota mjomba wako. Alikuja mbele ya kaunta na lile begi lake la kijani, anaomba chumba, kama mgeni. Funguo zote zilikuwa zinaning'inia ukutani nyuma yangu, hata mmoja haukutoka. Nikamwambia, vyumba vimejaa. Hakukasirika. Akaenda kukaa kwenye benchi, akaweka begi magotini, akasubiri. Nimeamka nalia na sijui nililia nini.

Kuhusu hoteli, umeniambia nipumzike, nami napumzika. Shemeji Ishaka simlaumu, ana watoto wanasoma. Hesabu zako piga. Nimemwambia Mina akupe makaratasi yote ya mjomba wako unayoyataka. Mengine siku yake itafika. Mjane ndani ya eda hasemi kila linalomjia mdomoni.

Ni mimi,
Shangazi yako Mwanamkasi


Maskati,
20 Machi 2024

Kwa Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Ramadhani karimu, na Mungu azipokee funga zetu. Huku tunafuturu tende na maziwa, na ofisini watu wameanza kusinzia saa nane mchana, mimi mmojawapo. Goti la baba limenitia wasiwasi, nimempa Wahida dawa ya kuchua. Ile ndoto yako nimeisoma mara nyingi. Nadhani Mjomba anakuja kuhakikisha hoteli inafanya kazi. Vyumba vimejaa: kuna habari gani nzuri zaidi kwa mwenye hoteli?

Makaratasi ya Mina nimeyapata na nimeyamaliza. Shangazi, hoteli yako ni mgonjwa anayeweza kupona. Kuanzia Juni mpaka Oktoba inajaa, Desemba inajaa, na kuanzia mvua za Machi inalala. Mjomba alikuwa akiiendesha kwa macho na kwa urafiki. Watu wa harusi kutoka Dar walichukua vyumba vyote kwa ahadi, na mgeni wa mbali hakuweza kututafuta mtandaoni maana hatupo. Hayo yote yanarekebishika. Ile kampuni ya Dar haitaki hoteli, inataka kiwanja. Jengo wanalihesabu kama gharama ya kubomoa. Nilipoiona sentensi hiyo kwenye barua yao, nilitoka nje ya ofisi nikazunguka uwanja mzima wa magari.

Ninachopendekeza ni hiki. Tusiuze. Ami Ishaka na Bi Habiba wabaki kuwa wenye hisa na wapate gawio kila mwaka, ambalo kwa miaka michache litawapa zaidi ya bei ya kiwanja. Tunakopa kidogo kwa ajili ya paa na vyumba vya chini. Na wewe unaiendesha, Shangazi, kama meneja, kwa mkataba na mshahara ulioandikwa, si kama zamani ulipokuwa ukilipwa kwa dua.

Kazini kwetu, mwenye hoteli akiingia, kabla sijafungua hesabu zake huwa namuuliza kwanza: wewe mwenyewe unataka nini? Utashangaa watu wazima wanavyobabaika hapo. Kwako sina haja ya kuuliza. Jina lako liko juu ya mlango na kwenye kila taulo. Nilipokuwa mdogo nikija likizo, nakumbuka nikikaa kwenye ngazi kukutazama unapita na shuka, unarudi na sahani, unapita na funguo. Sikuwahi kukuona umekaa. Nilikuwa nikidhani ndivyo malaika walivyo, hawakai.

Nimempa Wahida sampuli ya taulo mpya akuletee. Jina lako limetariziwa kwa uzi wa buluu. Niambie kama unalipenda.

Mwanao,
Hajra


Kaole,
18 Aprili 2024

Hajra mwanangu,

Marahaba. Idd mubarak, ingawa imeshapita. Dawa ya kuchua baba yako anaisifu, lakini anajichua goti zima badala ya lile bovu, anasema lile bovu linauma akiligusa. Mtoto wa Mikidadi ameanza kucheka. Mvua hapa haikati. Barabara ya Kaole ina madimbwi ya kuogea bata, na bajaji zinatuacha mbali, mtu anamalizia kwa miguu na viatu mkononi.

Idd nimeila chumbani peke yangu. Wasikwambie watu kwamba nilikuwa mpweke. Mikidadi alipika biriani, Mina akaileta juu imefunikwa, na mvuke ukatoka nilipofunua. Nikakaa, nikaila. Idd zote za hoteli hii nimekula biriani ya baridi, nimesimama, jikoni, kwa mkono mmoja. Sikumbuki mara ya mwisho chakula cha sikukuu kuniunguza ulimi. Nililia tena. Siku hizi nalia vibaya, Hajra, nalia mahali pasipostahili.

Paa linavuja juu ya ngazi, kama ulivyosema. Mchana nasikia matone yanaingia kwenye ndoo, na ndoo inabadilisha sauti kadiri inavyojaa. Zamani sauti ile ingenipandisha darini na lami. Sasa naisikiliza mpaka inanipeleka. Juzi ilinipeleka kwetu, kabla sijaolewa, nimekaa barazani na mama, tunasuka ukili, na hakuna mtu anayeita jina langu.

Shemeji Ishaka alikuja. Alikaa nje ya mlango, wifi Habiba akakaa ndani na mimi, pazia katikati. Nilitegemea atakuja na habari za wanunuzi. Akasema, "Shemeji, huyu mtoto wako wa Maskati ana akili. Amenionyesha mambo nisiyoyaona. Kumbe kaka ametuachia mali." Nikamwuliza, "Kwa hiyo huuzi?" Akasema, "Niuze jasho la kaka? Na wewe upo?" Wifi akanishika mkono kwa furaha. Nikasema alhamdulillahi, maana ndilo neno lililokuwepo.

Taulo nimeziona. Ni nzuri, na uzi ni mzuri. Usiagize bado. Jina langu lina miaka mingi kwenye taulo zile, na watu nisiowajua wamejifutia nalo miguu.

Mengine nitayasema siku nikitoka.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Maskati,
6 Mei 2024

Kwa Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimesikia habari za upepo mkali huko pwani na sikulala. Baba anasema kwenu yamekwenda mabati mawili tu na mnazi mmoja wa jirani. Alhamdulillahi. Mimi nimehamia dawati la karibu na dirisha, naona kipande cha bahari kinachotosha kipimo cha karatasi hii.

Shangazi, tumeshinda. Ami Ishaka amekubali kila kitu, na Bi Habiba pia. Wamewajibu wale wa Dar kwamba haiuzwi. Nimeandika rasimu ya mkataba mwenyewe: nyinyi watatu ni wenye mali, na wewe ni meneja kwa miaka kumi. Miaka kumi niliiomba mimi, ili mtu asije kukuondoa kwenye kiti chako. Ami Ishaka ataileta siku ukitoka eda, utie saini mbele ya watu wote. Natamani niwepo nione uso wako.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na maneno machache kuhusu mpango wenyewe. Najua ni huzuni, na mimi siharakishi huzuni ya mtu. Ila nakuota sana. Nakuota umesimama kaunta, na mimi niko kando yako na daftari, na mlango uko wazi mpaka baharini.

Mwanao,
Hajra


Kaole,
21 Mei 2024

Hajra mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Baba yako mzima, na goti lake. Leo salamu nimezifupisha, unisamehe.

Jana nimetoka eda. Wanawake walikuja tangu alfajiri, wa Kaole na wa Mkange, wakaniogesha, wakanivisha kanga mpya na kunipaka mafuta, wakafukiza udi mpaka wageni wa chumba namba nne wakauliza kama kuna harusi. Nikashuka ngazi polepole nimeshika ukuta. Chini Mina alikuwa amesimama na lile tita la funguo, amelisafisha mpaka linameta. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema, "Karibu tena kazini, mama." Watu wakapiga vigelegele.

Hajra, nilirudi kuushika ukuta.

Wakanikalisha. Shemeji Ishaka akaleta karatasi yako na kalamu. Alikuwa analia, yule mtu ambaye sote tulimwona mchoyo. Alisema hoteli ya kaka yake haifi. Wote wakanitazama kwa upendo, na nikaona miaka kumi imelala pale mezani. Nikasema nina kizunguzungu. Wakaniletea juisi ya ukwaju. Sijatia saini.

Sasa nakwambia, maana sasa ninaweza. Ndani ya eda nisingeweza. Udongo wa kaburi lake haukuwa umekauka, mimi nianze kumlalamikia mtu ambaye hawezi kunijibu? Hoteli siitaki, mwanangu. Sikuitaka hata siku moja. Mjomba wako alikuja nyumbani na ramani ameichora kwenye boksi la viatu, macho yanamng'aa, akasema ataipa jina langu. Mtu akiipa nyumba jina lako, utamwambiaje huitaki? Nikacheka, nikafunga kibwebwe, na sijakifungua tena. Nilimpenda Mohamedi, usidhani vingine. Nilimpenda sana, na ningefurahi kumpenda tumekaa, tunakula sahani moja, chakula kikiwa bado cha moto. Hatukupata nafasi. Kila tukikaa palikuwa na mgeni.

Ile ndoto uliifurahia. Mimi naijua sasa. Mume wangu alikuja kuomba nafasi kwangu na nikamwambia vyumba vimejaa, na ndivyo ilivyokuwa maisha yetu yote. Yeye alinijibu hivyo na mimi nilimjibu hivyo.

Kisha nikakaa eda. Nimemlilia, Mungu ndiye shahidi. Lakini nimelala pia. Mtu ameniletea chai. Mtu amebisha mlangoni na kusubiri niseme ingia. Nilikuwa na huzuni na raha kwenye chumba kimoja, na raha ikanitia aibu, kwa hiyo nikakuandikia habari za mto na ndoo. Uliposema huna haja ya kuniuliza, nilikaa na karatasi yako mpaka chai ikapoa. Nilitaka kupiga kelele niulize, niulize. Lakini shangazi hamwelekezi mtoto wa kaka yake namna ya kumuuliza, na wewe kwa heshima hukuuliza. Sote tumelelewa vizuri.

Umeniokolea kitu nilichokuwa nikiomba kinitoke. Umekiokoa kwa ustadi, na sasa sijui nitatokea mlango gani.

Shangazi yako


Maskati,
9 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Huku salama. Wahida alinipa barua yako uwanja wa ndege na nimeisoma nimesimama, mizigo ya watu inanigonga.

Wewe unataka nini?

Naiandika peke yake kwenye mstari wake kwa sababu ilitakiwa iwe barua ya kwanza. Nimewauliza matajiri wasionihusu, nikamwacha mtu aliyenifundisha kukunja shuka. Naona haya. Na nakwambia kilichonifumba macho. Nimechoka na Maskati. Nimechoka kuwa na kipande cha bahari cha kipimo cha karatasi. Nilikuwa najenga mahali pa kurudi, nikakuweka wewe kaunta ili mlango usifungwe mpaka nifike. Lile jibu nililosema nalijua lilikuwa langu.

Sasa ushauri, huu wa kweli. Si lazima iuzwe ibomolewe, wala si lazima uiendeshe. Kuna mke na mume wa Tanga wanaendesha hoteli mbili ndogo, nawafahamu kwa kazi, hesabu zao ni safi. Wanaweza kuikodi nzima kwa mkataba. Jengo linabaki lenu nyinyi watatu, kodi mnagawana kwa mafungu yenu ya mirathi, paa wanaezeka wao. Mina na Mikidadi wanabaki, hilo nimelitia kama sharti. Jina nimesema wabadilishe. Kama nimekosea hapo, niambie.

Ami Ishaka nimempigia mwenyewe. Nilimweleza yote. Kisha akasema, "Kumbe shemeji alikuwa amechoka?" Akaongeza, "Na sisi kila tukienda tulikuwa tunasema tu, shemeji leta na maji." Amekubali. Anasema atakuja kukuomba radhi, na safari hii atakuja amekula kwake.

Swali langu liko pale juu. Sitalijibu mimi.

Hajra


Pangani,
14 Septemba 2024

Hajra mwanangu,

Marahaba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ukiwa unafunga mizigo, maana baba yako ameniambia umewaaga kazini na kwamba Desemba uko nyumbani. Amekupakia rangi chumba cha mbele. Ni rangi mbaya sana, lakini kaichagua mwenyewe, usimwambie. Mtoto wa Mikidadi anakaa sasa, hasimami, na mama yake amekubali mtoto wa pili wa kike ataitwa Hajra, kwa vile unarudi.

Watu wa Tanga wameingia. Mkataba nimeutia saini, wa kwao, si ule wa miaka kumi. Siku waliyoshusha kibao chenye jina langu nilikwenda kutazama. Nilidhani nitaumia. Fundi akauliza, "Mama, hiki tukiweke wapi?" Nikamwambia akampe shemeji Ishaka, ndiye aliyekitaka. Amekitundika Mkange juu ya banda la mbuzi, na ana raha nacho.

Umeniuliza nataka nini na nimechelewa kujibu kwa sababu jibu lilikuwa dogo, nikaona aibu kulituma mpaka Maskati. Nilitaka kuwa mgeni. Si mgeni wa ndugu, maana ukiwa kwa ndugu unaosha vyombo. Mgeni wa kulipa. Basi kodi ya kwanza ilipoingia nilipanda basi, na sasa naandika kwenye karatasi ya hoteli ya watu. Ni ndogo, inatazama mto unapoingia baharini. Kwenye daftari la wageni palikuwa na nafasi ya kuandika kazi yako. Nimeiacha wazi. Taulo ni nyeupe, haina jina la mtu. Mto wa kulalia hauna donge, nimeukagua.

Jana mchana nimemwota tena mjomba wako. Kaunta ilikuwa haina mtu. Alikuwa kwenye lile benchi na begi lake la kijani, akasogea, nikakaa. Tulikaa hivyo, hatukuwa tunamsubiri mtu.

Leo asubuhi sahani imeanguka jikoni. Niliisikia kutoka usingizini, nikakaa kitako, mguu mmoja ukashuka sakafuni. Nikasikiliza. Mtu mmoja akasema pole. Mtu mwingine akachukua ufagio. Nikaurudisha mguu wangu ndani ya shuka, Hajra, nikalala mpaka jua likafika kitandani.

Shangazi yako akupendaye,
Mwanamkasi